Mlima wa Kipungani

Mwenye kucheka na acheke sasa, amalize. Huwaida Madi, binti wa Siyu kisiwani Pate, aliamua kuupanda Mlima Kenya akiwa Kipungani, kisiwani Lamu, ambako mlima hakuna. Alichukua kilima cha mchanga, kile kirefu kilicho nyuma ya ufuo, akakipanda, akakishuka, akakipanda tena, siku tatu, upepo wa kaskazi ukimpulizia mchanga machoni, na yote hayo kwa ajili ya boti. Wavuvi waliopita chini walimwita, "Bi Huwaida, umepoteza nini huko juu?" Hakuwajibu. Angejibu angesimama, na kusimama ndicho kitu asichokiweza.

Tangu utoto hakai huyu. Akila, tonge liko mdomoni na mguu uko mlangoni. Mama yake alikuwa akimwambia, "We mwana, hata msalani wenda mbio?" Alisoma Mombasa, akarudi na kompyuta ya mkononi na wazo moja kichwani: watu wa visiwani hungoja boti gatini tangu alfajiri bila kujua itaondoka saa ngapi wala kama ina nafasi, basi na iwepo programu ya simu, mtu alipie kiti chake angali nyumbani. Kampuni akaiita Gati. Mwenzake ni Mugambi, kijana wa Meru aliyekuja Lamu kufundisha kompyuta kwa mwaka mmoja, akakaa sita, na hadi leo wimbi likiinuka hushika ubao wa boti kwa mikono miwili na kumwita mama yake. Huwaida alitoa akiba yake yote, Mugambi akauza pikipiki na ng'ombe wawili, wakanunua boti nyeupe ya faiba yenye injini ya nguvu za farasi arubaini, ili watu waone kampuni ina mali, si maneno matupu. Boti nyingine zote zilizomo kwenye programu ni za wenyewe.

Kampuni changa, kama hujapata kuwa nayo, shukuru Mungu. Leo mwekezaji anakupigia simu akusifu mpaka uone haya, kesho humpati. Leo abiria wamejaa, kesho mtandao umekatika Pate nzima na manahodha wanakutukana wewe, kana kwamba wewe ndiwe uliyepanda mnara ukaukata. Unakimbia mchana kutwa, jioni ukitazama uko palepale ulipoamkia. Kwa mtu kama Huwaida hiyo ilikuwa kazi na maradhi kwa pamoja.

Ndipo walipotokea Mfuko wa Kilele. Hawa ni watu wa Nairobi, wana fedha na wana fulana. Kila mwaka huwachukua wenye kampuni changa wakawapandisha Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana, na kila anayefika juu, Mfuko hukinunulia kijiji chake kitu kimoja alichokiomba: kisima, darasa, mashine ya zahanati. Asiyefika hapati kitu. Na katika vikao vyao hawachoki kusema kwamba kuendesha kampuni na kupanda mlima ni mamoja: nenda polepole, beba kidogo, pumzika kabla hujachoka. Huwaida aliyasikia hayo mara ishirini, akaitikia kwa kichwa mara ishirini, wala hakufuata hata moja.

Mwaka jana alikwenda. Mtoto wa pwani, aliyekulia mahali ambapo pa juu kabisa ni dari ya msikiti, akauvaa mlima kama anayekimbilia boti ya mwisho. Siku ya kwanza aliwapita wenziwe. Siku ya pili aliwapita wapagazi, nao wakamtazama kwa huruma. Siku ya tatu kichwa kilimpasuka, akatapika mpaka nyongo, akaulizwa jina lake akataja la mama yake. Mpagazi mmoja alimshusha mgongoni. Daktari akamwambia, "Nguvu unazo, dada, subira ndiyo huna. Usirudi tena huko juu." Akarudi Lamu mikono mitupu.

Alichokuwa ameomba ni boti ya wagonjwa ya Siyu. Siyu mtu akizidiwa hubebwa kwa kitanda kwa njia ya miguu hadi kwenye mkono wa bahari, na pale pana mikoko na tope. Maji yakiwa yamekupwa, ni kungoja yajae. Yakijaa, ni kuuliza boti iko wapi. Mwezi mmoja kabla Huwaida hajaenda mlimani, Hindu, mdogo wake wa tumbo moja, alishikwa na uchungu saa nne asubuhi. Boti ilipatikana saa kumi za jioni. Mtoto alizaliwa njiani, wala hakulia. Alikuwa mwanamume, na walikuwa wameshamchagulia jina.

Sasa Hindu ana mimba nyingine, na zimebaki wiki tatu. Wanawake wengine wa Siyu wakikaribia siku zao huhamia Amu, yaani Lamu mjini penye hospitali, kwa jamaa wakangojea huko, lakini Hindu ana mkwe aliyelala kitandani asiyejiweza, na hana wa kumwachia siku zote hizo. Huwaida akamwambia, "Wewe kaa na mkweo. Boti itakufikia kabla ya mtoto." Alilisema hilo kwa kinywa chake, mbele ya watu, na neno likishatoka halirudi.

Basi akamwandikia Valary, yule bibi wa Mfuko anayesimamia safari za mlima. Akamwambia, urefu ni urefu. Lenana ni mita elfu nne mia tisa themanini na tano. Kilima cha mchanga cha Kipungani Mugambi amekipima, ni mita ishirini na tano. Nikikipanda mara mia mbili nimefika Lenana na chenji imebaki. Valary alicheka sana, kisha akalipeleka jambo kwa kamati, na kamati ikaona picha zitapendeza. Wakaweka masharti: siku tatu, tangu jua kuchomoza hadi kuzama, apande mwenyewe, avae saa ya mkononi itakayohesabu, na pawe na shahidi wa hapohapo kijijini. Na sharti lao la zamani likabaki lilelile, nusu hailipwi.

Saa yenyewe haikumaliza asubuhi ya kwanza. Mahmud, nahodha wa boti yao nyeupe, alikuwa hajazima injini Huwaida keshajirusha majini, maji ya kiuno, saa ikameta mara mbili ikafa. Mahmud akatikisa kichwa. "Ufuo ulikuwa unakimbia, Bi Huwaida?" Wakampigia Valary, naye akasema haidhuru, shahidi atatosha, mradi awe mtu wa kuaminika.

Shahidi alikuwa Bi Kadija, msuka mikeka, mwanamke wa miaka hamsini na kitu mwenye ulimi wa kuchanja. Kipungani nzima haijapata kusikia Bi Kadija amedanganya. Tatizo lake ni kwamba husema kweli hata usipomuuliza. Alikaa kwenye kivuli cha mwavuli uliopasuka, miguu kainyoosha, na fungu la miyaa, majani ya kusukia, ubavuni. Mugambi alimpa daftari na kalamu, akavirudisha.

"Kalamu hukauka," alisema. "Mimi nitasuka ukili wa mkeka. Kila hesabu na jani lake. Hapotei mtu hapa."

Na Huwaida akaanza. Mchanga ule, ukiukanyaga hatua tatu, moja na nusu unarudi nayo. Ukipanda kwa pupa unazama hadi magotini. Ukisimama unateremka nao. Hapana jiwe la kushika wala mti wa kuegemea. Kufikia saa nne miguu ilikuwa inamtetemeka, saa sita jua likamfukuza, akakaa kivulini kwa nguvu, yaani Bi Kadija alimshika mkono akamketisha. "Ndoo, kaa hapa, mwanangu. Mtanga huu hauendi popote." Alasiri akarudi tena mpaka magharibi.

"Ngapi, Bi Kadija?"

"Sabini."

Huwaida alishangaa kidogo. Sabini? Mwili ulimwambia ni chini ya hapo. Lakini mtu haihoji habari anayoipenda. Akamkumbatia Bi Kadija, akapanda boti, akalala njia nzima mpaka Amu.

Siku ya pili ilikuwa ya mateso. Nyayo zilikuwa zimechubuka, mapaja magumu, mate yamekauka. Na simu ikawa haimpi nafasi. Mugambi alikuwa ofisini mjini, na kila nusu saa ana jipya. Hoteli ya Manda inataka boti nyeupe mara tatu leo badala ya mbili. Nahodha mmoja wa Kizingitini amejaza watu kupita viti. Mwekezaji anaulizia ripoti.

"Mwambie wateja elfu nne," alisema Huwaida, yuko katikati ya kilima, simu begani, mikono magotini.

"Huwaida, zile elfu nne..."

"Zipeleke kama zilivyo!"

Zilivyo zilikuwa hivi, na tuseme ukweli. Mtu wa Kizingitini akienda Amu asubuhi na kurudi jioni, ripoti ya Gati ilimwandika wateja wawili. Hilo lilikuwa wazo la Huwaida. Alipolitoa, Mugambi alisema, "Sawa, wewe ndiwe mkubwa," na tangu siku ile kila ripoti ilipotoka Huwaida alizidisha mbio asije akaifikiria. Pale mchangani hapakuwa na pa kukimbilia. Juu, chini, juu, chini, na mawazo yaleyale yanamngoja kila akifika. Abiria wa kweli walikuwa wachache na nauli yao ndogo. Aliyeiweka kampuni hai ni hoteli peke yake, na hoteli ilitaka boti nyeupe ikae gatini kwake muda wote, iwe na wageni au isiwe nao. Hilo hakulitia katika ripoti yoyote. Alipanda.

"Ngapi?"

"Leo sitini na nne. Jumla mia na thelathini na nne."

"Alhamdulillahi!" Huwaida aliketi chini akalia kwa uchovu, na kwa raha pia. Usiku ule alimpigia Hindu. "Kesho namaliza. Njoo uone mwenyewe. Nitamtuma Mahmud akufuate."

Siku ya tatu habari zilikuwa zimeenea. Wanawake wa Kipungani walikuja na mikeka yao na mahamri. Saa tisa boti nyeupe ilifika, Mugambi ameshika ubao, Hindu amekaa katikati chini ya turubai, tumbo mbele, katulia. Huwaida alimwona kutoka juu ya kilima na nguvu zikamrudi. Akapanda nyingine, na nyingine, watu wanaimba. Ilipokaribia saa kumi Bi Kadija aliinua mkono.

"Mia mbili! Basi, njoo unywe maji."

Lo! Vigelegele vilivyopigwa pale, ndege walihama. Mugambi alimpiga picha Huwaida akiwa amelala chali mchangani, fulana imeandikwa "Kilele ni chako" na nusu ya maandishi imefunikwa na mchanga, akaituma Nairobi hapohapo na maneno mawili: "Amefika. 200." Mtu akampa Huwaida dafu. Hindu akaketi kando yake, akauvuta ukili wa Bi Kadija akautandaza mapajani, na ulikuwa mzuri kweli.

"Bi Kadija, hata hapa umetia rangi?" Hindu aliuliza. "Jeupe, jeusi, jeupe, jeusi."

"Jeupe ni kupanda," alisema Bi Kadija. "Jeusi ni kushuka."

Huwaida aliacha kunywa.

"Bi Kadija. Meupe ni mangapi?"

"Mia."

"Na meusi?"

"Mia. Hesabu ya skuli umeisahau?"

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja, kwa jinsi kila mtu alivyoelewa kwa wakati wake. Mugambi aliutwaa ukili, akahesabu kwa kidole mwanzo hadi mwisho, akaurudisha. Mia moja. Mita elfu mbili na mia tano. Jua lilikuwa limebakiza saa mbili na kitu, na mara mia nyingine zilikuwa kazi ya siku tatu.

"Kushuka hakuhesabiwi!" Huwaida aliruka akasimama, miguu ikamkataa, akasimama tena. "Bi Kadija, umeniua! Kushuka hakuhesabiwi!"

"Hakuhesabiwi na nani?" Bi Kadija naye hakukubali. "Miguu iliyoshuka ni ya nani, si yako? Mimi nasuka mikeka miaka arubaini. Jani likienda nalihesabu, likirudi nalihesabu. Jani lililokwenda lisirudi hilo si mkeka, hizo kuni. Siku tatu waniuliza ngapi, nakwambia, wanikumbatia. Hukuniuliza nahesabu nini."

"Safari moja! Mtu mmoja, safari moja, wewe unaandika mbili! Nani duniani anayehesabu hivyo?"

Mugambi alikohoa.

"Sisi," alisema.

Hakusema kwa ukali. Alisema akitazama viatu vyake. Huwaida aliona haya, haya ya kweli, mbele ya mwanamke aliyekosea kwa nia safi, ilhali yeye alifanya lilelile akijua. Akaketi chini mbele ya Bi Kadija. "Nisamehe, Bi Kadija."

"Nimekusamehe. Lakini sauti umenipandishia."

Simu ikalia. Ni Valary. Mikono ya Huwaida ilikuwa imejaa mchanga, Mugambi akamwekea sauti ya nje, akaiweka juu ya mkeka.

"Huwaida! Hongera! Kamati yote iko hapa, wanapiga makofi, picha tayari tumeiweka kila mahali!"

"Bi Valary, ngoja. Sio mia mbili. Ni mia. Shahidi alihesabu na kushuka."

Mlango ukasikika ukifungwa, na makofi yakapotea nyuma yake.

"Sikiliza," alisema Valary, sauti ameishusha. "Mimi ni rafiki yako. Hayo hukuniambia na mimi sikusikia. Watu washapongeza. Nani atakuja kuhesabu majani Kipungani? Wewe pumzika. Kamati ikikaa mwezi wa tano boti yako itanunuliwa."

"Mwezi wa tano?"

"Eee, kuna utaratibu. Zabuni, bima, usajili. Kwani ulidhani iko stoo?"

Naam, alidhani iko stoo. Hakuuliza. Mwaka mzima wa kukimbia, akapanda mlima wa mawe na mlima wa mchanga, na swali hilo moja hakuwa na nafasi ya kuliuliza. Aligeuka kumtazama Hindu, na Hindu alikuwa anamtazama yeye.

"Mwezi wa tano," Hindu alisema. "Dada, mimi nina wiki tatu."

"Najua."

"Uliniambia itanifikia kabla ya mtoto."

"Najua, Hindu, najua!"

Hindu si mtu wa maneno mengi. Maneno ya nyumba yao yote aliyachukua mkubwa. Alitazama ufuoni, pale Mahmud alipokuwa amekaa kwenye ukingo wa boti nyeupe akila hamri.

"Na ile niliyokuja nayo leo?" aliuliza. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu. "Nimetoka nyumbani baada ya adhuhuri. Maji hayakuwa yamejaa hata nusu, Mahmud akainua injini, akasukuma kwa pondo, tukapita. Saa tisa niko hapa, hata buibui halikurowa. Ile si boti?"

Mugambi alisema haraka, "Ile ni ya kazi, Hindu. Ni ya hoteli, yaani ni yetu, lakini hoteli ndiyo..." Akaona maneno hayamfikishi popote, akaacha.

"Mwaka jana mlikuwa nayo?"

"Tulikuwa nayo," alisema Huwaida.

"Siku ile ilikuwa wapi?"

Hapo angeweza kusema hajui. Hakuna ambaye angemsuta. Lakini programu yake mwenyewe huandika kila boti ilipo na kila saa, na usiku wa siku ile, baada ya kumzika mtoto, Huwaida alifungua simu akaangalia, akaifunga, wala hakumwambia mtu. Asubuhi yake ndipo alipojiandikisha kwa Mfuko wa Kilele.

"Manda," alisema. "Ilikuwa imefungwa gatini kwa hoteli. Ilikuwa inangoja wageni wamalize kula."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa tano. Mpaka saa kumi."

"Nawe ukajua lini?"

"Usiku ule ule."

Hindu aliukunja ukili taratibu, akauweka chini.

"Ukajua," alisema, "ukaenda kupanda mlima."

Huwaida alilia, si kwa uchovu safari hii. Alitaka kumshika mkono, na Hindu hakuutoa mkono wala hakuuvuta, aliuacha tu pale mchangani. Kutoka kwenye simu sauti ya Valary ikaita, "Huwaida? Bado uko?"

"Niko. Andika mia, Bi Valary. Sikufika."

"Utaikosa boti! Fikiria kijiji chako."

"Andika mia. Na yule mwekezaji wetu uliyetujulisha naye, mwambie wateja wetu ni elfu mbili. Au nitamwambia mwenyewe." Akaikata simu, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, mchanga ukamwingia machoni, akatukana. Kisha akamgeukia Mugambi.

"Nusu ya boti ni yako," alisema.

"Ninajua."

"Siwezi kuitoa nusu yako."

Mugambi alitazama boti, akatazama kilima, akatazama tumbo la Hindu. Alikuwa anawaona ng'ombe wake wawili, waziwazi, na jina la kila mmoja. "Tukiitoa, hoteli inaondoka," alisema. "Hoteli ikiondoka, mwezi ujao hatuna mshahara. Hata hatuna mwezi ujao."

"Ndiyo."

"Nilitaka tu tuseme kwa sauti." Akanyanyuka, akapangusa suruali, akaenda ufuoni mwenyewe. Walimsikia akimwambia Mahmud kwamba dumu la petroli la akiba liko chini ya ubao wa mbele, na kwamba injini ikikohoa asubuhi asiilazimishe.

Hindu aliinuka kwa msaada wa Bi Kadija, akatembea mpaka majini, akapanda, akakaa mahali palepale katikati. Huwaida alimfuata mpaka maji yalipomfika magotini.

"Mahmud, ukimfikisha usirudi nayo. Ifunge hukohuko kwenye mkono wa bahari wa Siyu, palipo na maji hata yakikupwa. Na ulale huko. Mwambie muuguzi wa zahanati nambari yako ya simu, na yeye ampe kila mwenye mimba."

"Mpaka lini, Bi Huwaida?"

"Mpaka nikwambie."

"Utaniambia lini?"

"Sikwambii."

Mahmud alimtazama Mugambi, Mugambi akaitikia kwa kichwa, injini ikawaka. Hindu hakupunga mkono. Boti ilipokuwa imeshageuka ndipo alipoita, na ilibidi apaze sauti ili ishinde injini: "Dada! Kesho uje Siyu. Mkwe anataka kugeuzwa kitandani, mimi siwezi tena peke yangu." Kisha akajifunika buibui vizuri, upepo ule, akatazama mbele.

Mugambi alibaki ufuoni ameshika simu. Hoteli ilikuwa imeshapiga mara mbili, ina wageni sita wa kesho saa tatu asubuhi.

"Niwaambie nini hawa?"

"Waambie waende kwa miguu."

"Na sisi?" alisema Mugambi. "Huwaida, boti imekwenda. Sisi tunarudi Amu na nini?"

Lakini Huwaida alikuwa ameshaanza kutembea, anachechemea, ufuo mrefu wa kwenda Amu mbele yake na jua mgongoni, na Mugambi, mtoto wa Meru, akatukana mchanga kwa lugha ya kwao, akavua viatu.